Kipa Aliyerudi na Sauti

Kila Ijumaa mume wangu alikuwa akirudi nyumbani hana sauti. Alikuwa golikipa wa timu ya mtaa wetu, hapo Wattaya, Oman, kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya maduka ya magari, na golini alikuwa akidaka kidogo na kupiga kelele sana. Mpira ukimalizika, na sauti imekwisha. Anaingia ndani na vumbi lake, ananionesha koo kwa kidole, nami nnampa bilauri ya tangawizi iliyochemshwa na asali, moto hasa. Anakaa nayo kizingitini mpaka inaadhiniwa Magharibi. Jumamosi anakwenda kazini sauti bado haijarudi, na kazini hakuna anayejua, kwa sababu kazini hasemi.

Hilo la kazini nilieleze. Yeye alikuja Oman mtu mzima, yeye na mama yake, kutoka Unguja. Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini: Qurani anaisoma vizuri, mashaallah, lakini kumwambia mtu niletee ufunguo hawezi. Wakampa kazi ya stoo katika ofisi moja ya serikali. Akimwambia mkubwa wake neno, anamwambia kama anazungumza na mwanamke, maana sisi kwetu mume ni yeye na mke ni yeye, na Waarabu mume ana neno lake na mke ana lake. Ofisi nzima inacheka. Hawacheki kwa ubaya, watu wakinambia. Mimi nnasema mtu akichekwa kila siku kwa wema, huo wema nao una mwisho wake. Basi akaamua kunyamaza. Salamu, ndiyo, hapana, alhamdulillahi. Miaka ikapita hivyo.

Golini lakini! Golini alikuwa mtu mwengine. Vijana wa timu wote wamezaliwa hapa, skuli wamesoma Kiarabu, Kiswahili wamekipata kwa bibi zao, na yeye kawashika kwa Kiswahili hicho hicho. Jikoni kwangu dirisha linaelekea kiwanjani. Nnakaanga bajia na huku nnamsikia: "We, rudi nyuma! Unalala, kwenu hamna kitanda? Ziba kushoto! Kushoto kwako, si kushoto kwa mamako! Toa mpira, mpe mwenzio, huo si urithi wa babako!" Na vijana wanarudi, wanaziba, wanatoa. Walimsikiliza kuliko walivyowasikiliza baba zao. Kwa sauti yake tu nilikuwa nnajua tunashambulia au tunashambuliwa, wala sikuwa na haja ya kutazama.

Na watu wa mtaa walikuwa wakijisifu kwa hilo. Timu nyengine zikija kucheza na sisi hazifahamu neno. Sisi tunapanga, tunapangua, tunatukanana, wao wanatutolea macho. "Silaha yetu hiyo," wakisema.

Nnaandika haya na moyo umekaa kimya. Watu hudhani ukieleza jambo lililokukata lazima utetemeke. Mimi sitetemeki. Limekufa ganzi, kama mguu ulioukalia kitambo: unaugusa, unajua ni wako, basi. Na kiwanja chenyewe siku hizi kimewekwa lami, kimejaa magari mapya yanayongoja wanunuzi.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini tulipoingia fainali ya mashindano ya mitaa, na fainali ikapangwa Qurayyat, kwa wenyewe tutakaocheza nao. Tukenda na magari, wake kwa waume, njia ile ya milimani yenye kona mpaka mkwe wangu, mama wa mume wangu, akawa anasoma kila sura anayoijua. Wenyeji wakatupokea kwa takrima kubwa. Wanaume wakatandikiwa huko, na sisi wanawake tukaingizwa katika nyumba ya mama mmoja, mnene, mchangamfu, akatukaribisha kwa Kiarabu cha Qurayyat hasa, kile cha kumeza maneno nusu. Akatuletea sinia la wali na nguru mzima.

Mkwe wangu akaonja. Akanigeukia akasema kwa Kiswahili, uso unacheka kama anasifu, "Samaki mzuri huyu, lakini mpishi hana mkono. Hata ndimu hakumtia, maskini."

"Mama, kula," nikamwambia.

"Nnakula. Na wali ungekaa kidogo. Mbona wana haraka hawa?"

Mwenye nyumba akatabasamu, akatusogezea tende. Mkwe wangu akamshukuru kwa Kiarabu, akaendelea kumsema kwa Kiswahili. Tulifanya hivyo siku zote. Kiswahili kilikuwa kwetu kama pazia la dirisha, unakaa nyuma yake na unafanya utakavyo.

Alasiri tukapanda juu ya paa kutazama mpira, maana kiwanja kilikuwa pale pale pembeni, na mitende upande mmoja. Mume wangu nilimwona mdogo, na jezi yake ya manjano, lakini sauti yake ilifika mpaka juu, wazi, kila neno. Nikaona fahari. Nasema kweli, niliona fahari kubwa. Wanawake wa huko wakawa wanauliza nani yule anayepiga kelele, nami nikajibu, mume wangu, kama mtu anayetaja cheo.

Ikawa bao moja kwa moja, na muda unakaribia kwisha. Winga wao, kijana mwembamba, akapata mpira, akawa anakwenda nao upande waliko mabeki wetu, wamemngojea. Mume wangu, kama ada yake, akapaza: "Kulia! Kulia kweupe! Nani yuko kulia?"

Beki wetu wa kulia akachelewa. Yule kijana hakuchelewa. Aligeuka pale pale, akauhamisha mpira kulia kwetu, kweupe pasipo mtu, kama alivyoambiwa, akapiga. Bao.

Mama mwenye nyumba akapiga kigelegele. Alipokwisha, akatugeukia mimi na mkwe wangu, machozi ya kicheko yanamtoka, akasema kwa Kiswahili cha Pemba, safi, hakina doa: "Golikipa wenu mtu mwema, wallahi. Kamuonesha mwanangu njia." Kisha akamshika mkono mkwe wangu. "Na ndimu ninazo, bibi. Nilisahau kuziweka mezani."

Mtume! Mkwe wangu akajivutia kanga usoni. Mimi nilitamani paa lipasuke. Yule mama akacheka, akatukumbatia, akatwambia kazaliwa Wete, kaolewa Qurayyat, na nyumbani kwake hasemi na wanawe lugha nyengine. Kwa nini hakusema mapema? "Nilitaka nione mtafika wapi," akasema.

Mpira ukamalizika vile vile. Tulishindwa. Nilidhani nitalia, au nitakasirika, na sikupata hata moja. Nilishuka ngazi, nikavaa viatu vyangu, nikaaga.

Tukapanda gari kurudi. Mume wangu anaendesha, koo limekauka. Mkwe wangu nyuma anapumua kama sufuria ya dengu, na mimi nikamfinya goti: leo usiseme. Tulipofika nikachemsha tangawizi, nikampa, akakaa kizingitini. Nikamtazama mgongo. Nikajiambia nikimwambia, ataona yeye ndiye aliyewapa bao. Na nikiwaambia watu, watasema mke anamtetea mumewe. Nikalinyamazia.

Ijumaa iliyofuata ndipo ulipoanza mjadala. Ulifanyika kwangu, kwa sababu majlisi yetu, chumba chetu cha wageni, ndiyo iliyokuwa karibu na kiwanja, na kila baada ya mpira watu wakija kunywa chai. Wakaja mashabiki wote, wazee na vijana, wamejaa mpaka viatu vikafika njiani. Mimi niko jikoni, mlango una pazia tu, nasikia kila kitu. Mume wangu kakaa mahala pake pa siku zote, karibu na mlango, karibu na chupa ya chai, anawamiminia.

Aliyeongoza maneno alikuwa bwana mmoja muuza magari katika duka la hapo mbele. Mpira hajapata kuucheza, lakini alitia dishi la satalaiti kabla ya watu wote, na dishi lile ndilo lililompa elimu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akaanza. "Sisi tumekubali. Sasa tuambizane kweli. Timu hii inataka mabadiliko."

"Mabadiliko ya nini?" mmoja akauliza. "Wametulisha makusudi wale! Wali ule ulikuwa mtego. Mimi shabiki tu nilishindwa kusimama, sembuse aliyecheza."

"Refa mjomba wao."

"Qurayyat kila mtu ni mjomba wa mtu."

"Kiwanja chao kimeteremka. Kipindi cha kwanza tulikuwa tunapanda."

"Na kipindi cha pili?"

"Cha pili tulikuwa tunateremka, lakini tumeshachoka kwa kupanda."

Wakacheka. Muuza magari hakucheka, alingoja wamalize. "Tusizunguke," akasema. "Gari likishatembea sana, unalipenda. Limekupeleka Umra, limekurudisha. Lakini kila asubuhi unalisukuma. Huyu ndugu yetu tunampenda sote. Lakini bao lile la pili, hakuruka. Tuseme kweli. Alisimama akasema maneno."

Nikasikia chai inamiminwa.

"Kazidi uzito," mwengine akasema, taratibu, kama daktari. "Mkewe anampikia sana."

Ebo! Na huku mkononi nna sahani ya bajia nnazowapikia wao! Niliirudisha sahani, nikatia pilipili mpaka mbuzi angelia. Wakazila, wakasema leo bajia zimekolea, wakaomba nyengine. Mtu utafanya nini na watu kama hao?

Nilikuwa nikingoja mume wangu ajibu. Hakujibu. Akiambiwa kazeeka, anauliza chai imekutosha? Akiambiwa mikono mizito, anasogeza mandazi. Kwetu ndivyo ilivyo: mgeni akiwa ndani ya nyumba yako, akikwambia jua jeusi, unamwongezea sukari. Huwezi kubishana na mtu aliyekaa kwenye zulia lako. Na mashabiki walikuwa wakilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyetaka mjadala ufanyike kwengine.

Ikawa ndiyo kazi, Ijumaa moja mpaka nyengine. Wanakuja, wanakula, wanamsema mwenyewe mbele yake, wanamshukuru kwa ukarimu, wanaondoka. Jina la mtu wa kumbadili likapatikana: mwanafunzi wa chuo kikuu, anakaa Al Khoudh, mrefu, kijana, mpira ukimgusa unanata. Nyanya yake katoka Unguja, kwa hivyo ni wetu pia. "Modeli mpya," akisema muuza magari.

Siku moja tunakusanya vikombe nikamwambia mume wangu, "Mbona huwajibu?"

"Wageni wangu."

"Wageni wako wanakutoa golini, na wewe unawauliza sukari!"

"Nitawauliza nini?" akasema. Akabeba chupa akaipeleka kuisuuza.

Nilijua alichokuwa anataka kupoteza. Hakuhitaji kunambia. Pahala pengine pote katika nchi hii alikuwa mtu wa kuitikia. Pale kati ya milingoti miwili tu ndipo alipokuwa akisema na watu wakafanya. Wakimtoa pale, nitabaki na bwana wa stoo siku saba. Nikawa nnaliona hilo linakuja na mimi nnaosha vyombo. Sikuwa na huzuni ya kulia. Nilikuwa mzito tu, mikono yangu inafanya kazi na mimi nimekaa mbali.

Mkwe wangu yeye hakuwa mtu wa kuhifadhi kitu. Siri kwake maziwa ya motoni, ukigeuka tu yameshafurika. Kila wakimsema mwanawe, yeye huku jikoni anageuza tasbihi kwa kasi. "N'takwenda kuwaambia," ananinong'oneza.

"Mama, subiri."

"Nisubiri mpaka wamzike?"

Ukweli ni kwamba sikujua nasubiri nini.

Ijumaa ya mwisho wakaja na mwanafunzi mwenyewe. Kijana wa heshima, maskini, kaingia kainama, kamwamkia mume wangu kwa kumbusu mkono, kakaa pembeni na kikombe chake anaona haya. Mume wangu akamkaribisha vizuri kabisa. Akampa mto wa kuegemea. Muuza magari akasema maneno marefu, kwamba timu si ya mtu, kwamba aliyetangulia tunamwombea, mpaka ukadhani mume wangu kashakufa. Kisha akasema, "Basi tusome Fatiha, jambo lipite kwa heri."

Watu wakainua mikono. Kwetu Fatiha ikishasomwa, jambo limekwisha, hakuna wa kulirudisha nyuma.

Pazia likavutwa. Mkwe wangu huyo, na kanga yake kichwani, kasimama mbele ya wanaume wote. "Teremsheni mikono!" akasema. "Msimtie Mungu katika ujinga wenu."

Mikono ikateremka. Mimi nilibaki nyuma yake na kijiko.

"Mwanangu si mzito, wala si mzee. Mzee ni miye. Mnatafuta dawa Al Khoudh, na kikulacho ki nguoni mwenu! Wale watu wanajua Kiswahili! Mama wa yule kijana aliyefunga ni Mpemba wa Wete. Kaniumbua miye kwa samaki wake, na mwanawe kawaumbua nyie kwa bao lake. Mwanangu kapiga kelele kulia kweupe, naye akenda kweupe. Sasa miguu ya mwanangu imekosa nini?"

Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, na majlisi nzima ikaangua. Walicheka mpaka wakajishika mbavu. Walikumbuka yote waliyoyasema Qurayyat mbele za watu kwa Kiswahili, matusi, siri, mipango, na kila mmoja anamkumbusha mwenziwe, "Na lile ulilosema la refa!" Hata mwanafunzi akacheka.

Muuza magari alipofuta machozi akasema, "Basi injini nzima. Tulikuwa tunabadilisha gari zima kwa sababu ya honi." Wakacheka tena. "Tatizo si kipa. Tatizo ni mdomo wake. Kipa abaki, kelele ziondoke. Kule Ulaya beki anayejua kazi yake haambiwi."

"Au aseme Kiarabu," mmoja akapendekeza.

"Kiarabu wanakijua zaidi! Na chake yeye hata sisi hatukijui. Beki atadhani anaitwa dada."

Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Nikachungulia nimtazame mume wangu. Alikuwa anacheka pamoja nao, meno yote nje, kama nilivyoambiwa anavyocheka ofisini.

Wakasoma Fatiha. Kipa akabaki. Watu wakamkumbatia, wakamwomba radhi, wakamwambia tulikuwa tunakutania. Mkwe wangu akarudi jikoni anang'ara. "N'shamwokoa mwanangu," akanambia. Nikamtazama. Nikampa kiti.

Walipokwisha kuondoka, mume wangu akaja kusimama mlangoni mwa jikoni. Nikamwambia, "Nilijua tangu Qurayyat. Nilikuwa sijui nikwambieje."

"Na mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Yule kijana. Alipofunga alipita mbele yangu. Kanambia, ahsante, mjomba."

Nikaacha sahani. "Ulijua siku zote hizi, na umewaacha wakuite mzito? Wakakuita mzee ndani ya nyumba yako?"

"Uzee si aibu," akasema. "Wangenitoa golini, ningekaa pembeni na mashabiki. Shabiki nani atamzuia asipige kelele?"

Akachukua sinia akalipeleka majlisi, ingawa majlisi hamna tena mtu.

Kuanzia hapo akawa anacheza kimya. Siku za mwanzo akisahau, neno la kwanza likimtoka, muuza magari anajiwekea kidole mdomoni kutoka pembeni, na watu wanacheka. Akajaribu kupiga makofi. Wakamwambia makofi nayo yanasikika. Mwanafunzi akarudi Al Khoudh, akija mara moja moja kukaa akiba. Vijana wakafundishwa kila mtu pahala pake, na kwa kweli walijifunza. Mimi jikoni sikujua tena tunashambulia au tunashambuliwa. Ilinibidi nichungulie.

Tangawizi niliendelea kuchemsha kwa mazoea. Akawa anairudisha bilauri nusu, halafu nzima. Nikaacha.

Tulifika tena fainali baada ya mwaka elfu mbili kupita, na safari hii Qurayyat ndio waliokuja kwetu. Yule mama wa Wete akaja na wanawe, moja kwa moja jikoni kwangu, na mfuko mzima wa ndimu, kamkabidhi mkwe wangu. "Zisije zikasahauliwa," akasema, na wawili hao wakacheka mpaka wakakaa chini. Walikuwa washakuwa mashoga.

Nitasema nilichokifanya. Asubuhi ile nilinunua tangawizi. Nilijiambia leo fainali, mtu hujisahau, leo atawapigia kelele wapende wasipende, na atarudi kwangu hana koo. Nilimenya, nikaponda, nikaweka sufuria tayari.

Mpira ukaanza. Nikasikia filimbi, nikasikia mashabiki, muuza magari, vijana wakiitana kwa Kiarabu. Yule mama akatega sikio. "Golikipa wenu leo anaumwa koo?" akauliza.

"Hajambo," nikamjibu. "Mzima."

Kipindi cha kwanza kikapita. Cha pili nikawasha jiko, chini ya sufuria. Kuna mara moja nilichungulia, mpira uko kwao, winga wao yule yule anakuja nao kasi, na upande wa kulia ni patupu kabisa, hata mimi naona. Mume wangu kainua mkono, kakifungua kinywa. Nikashika dirisha. Akakifunga. Beki akaenda mwenyewe, akauondoa mpira, alikuwa kashafundishwa.

Tukashinda bao moja. Magari yote ya Wattaya yakapigwa honi, na kombe likaletwa ndani, likawekwa katikati ya majlisi baina ya sahani za bajia. Yule mama wa Wete akatupa mkono wa pongezi, akaaga. Mashabiki wakakaa kujadili kwa nini tumeshinda. "Mabadiliko," akasema muuza magari. "Nilisema au sikusema?" Wote wakasema ulisema.

Mume wangu hakuwa mahala pake karibu na chupa ya chai. Nikamkuta kizingitini, na vumbi lake. Nikampa bilauri, tangawizi na asali, moto hasa, nimeikamulia na ndimu za watu.

Akaitazama. "Ya nini?" akaniuliza.

Sauti yake ilikuwa safi, kila herufi inasikika, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Ya koo," nikamwambia.

"Koo halina kitu," akasema, na akasogea kidogo nipate kupita na sahani za wageni.